Sheria, Imani na Sitara ya Jirani Katika Historia ya Unguja

Utamaduni wa taifa si ngoma, mavazi na methali peke yake. Namna watu wanavyohukumiana, namna wanavyoitenga dhambi na jinai, na mpaka wanaouweka baina ya mlango wa jirani na mkono wa dola, hiyo nayo ni sehemu ya utamaduni, na huenda ikawa ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Katika makala haya tunakusudia kuieleza sehemu hiyo kwa kulitazama jambo moja ambalo aghalabu husemwa kwa minong'ono au kwa makelele, na ni nadra kusemwa kwa utulivu. Jambo lenyewe ni sheria zinazowahusu watu wanaopendana kwa jinsia moja katika kisiwa cha Unguja, pamoja na madai ya dini yaliyofungamana na sheria hizo.

Mwaka 2006 mkahawa mmoja wa ufukweni, katika Mji Mkongwe, ulitaka kufanya karamu ya kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwa Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen la Uingereza. Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu ilipinga, ikisema kwamba kumtukuza mtu aliyejulikana kwa mapenzi ya jinsia moja ni kuivunjia heshima Zanzibar na dini ya wananchi wake walio wengi. Malalamiko yalipopamba moto, karamu ikafutwa. Miaka miwili kabla ya hapo, Baraza la Wawakilishi lilikuwa limekwisha kupitisha Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka 2004. Sheria hiyo iliweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo lililoitwa la kinyume na maumbile, na kifungo cha hadi miaka 7 kwa wenye kufunga au kusherehekea muungano wa jinsia moja. Wanawake nao walitajwa bayana, wakawekewa kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 500,000. Sheria ya Adhabu ya mwaka 2018 ilichukua nafasi ya ile ya 2004, na makatazo yakabaki.

Wengi waliounga mkono hatua hizo walitoa hoja mbili: kwamba sheria hii ni sauti ya dini yetu, na kwamba ni ulinzi wa mila zetu dhidi ya mambo ya wageni. Hoja zote mbili zinastahiki kupimwa kwa mizani ya historia.

Tuanze na mtu mwenyewe aliyezozaniwa. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazee wake walikuwa Waparsi waliotoka Bara Hindi, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika Mahkama Kuu, mtumishi wa serikali kama walivyo wengi wetu. Dini yao ilikuwa ile kongwe ya Zarathustra, iliyotoka Uajemi, na wafuasi wake hapa walikuwa wachache mno. Hata hivyo walikuwa na pahala pao pa ibada, na hapana aliyewalazimisha kuabudu vinginevyo. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia hiyo ilihamia Uingereza. Mwana wao alifariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi ya ukimwi, na mazishi yake yakaongozwa kwa taratibu za dini ya wazee wake.

Habari hii ina maana kwa mada yetu. Mji uliomlea mtoto huyo ulikuwa mji wa imani nyingi. Masultani walikuwa Waibadhi, raia wengi Wasunni wa madhehebu ya Shafi, na palikuwa na Mashia wa makundi mbalimbali, Mabaniani na Wakristo. Makadhi wa Kiibadhi na wa Kisunni walihukumu katika mji mmoja, kila mmoja kwa watu wake. Katika kiwanja cha soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, enzi ya Sultani Barghash, Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu, ambalo lingali limesimama Mkunazini. Lakini tusiipambe historia kupita kiasi. Sultani huyohuyo alimfunga Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanachuoni wa Kishafi kutoka Mombasa, kwa sababu ya mafundisho yake dhidi ya madhehebu ya Kiibadhi, na sheikh hakupata kufunguliwa mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888. Uvumilivu wa Unguja, basi, haukuwa zawadi ya maumbile. Ulikuwa desturi iliyojengwa na watu, na mara nyengine ilivunjwa na wenye nguvu.

Sasa tuitazame asili ya sheria. Maneno "kinyume na maumbile", ambayo wengi huyadhani kuwa yametoka katika vitabu vya fikihi, yana ukoo mwengine. Yamo katika kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi ya mwaka 1860, iliyotungwa na Waingereza kwa ajili ya koloni lao. Zanzibar ilipokuwa chini ya himaya yao, Waingereza walizitumia hapa sheria za Bara Hindi, mpaka ilipotungwa Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, ambayo kwa desturi ya wakati ule iliitwa Dikrii. Katika kipindi hichohicho mamlaka ya makadhi yalipunguzwa hatua kwa hatua, yakabaki katika ndoa, talaka, mirathi na malezi ya watoto, na huko ndiko Sheria ya Mahkama za Kadhi ya mwaka 1985 ilikoyaweka. Kwa hiyo makosa haya hayahukumiwi kwa kadhi, wala hayathibitishwi kwa masharti ya ushahidi anayoyajua kadhi. Yanahukumiwa kwa mapokeo ya mkoloni. Na wenye sheria wenyewe wamekwisha kuiacha: Uingereza na Wales zililegeza katazo hilo mwaka 1967, na Mahkama Kuu Kabisa ya India ikaamua, Septemba 2018, kwamba kifungu cha 377 kisitumike dhidi ya watu wazima walioridhiana.

Kuhusu hoja ya ugeni, lugha yetu ni shahidi. Kiswahili cha pwani kina majina ya watu hawa, mengine ya dharau na mengine ya kueleza tu, na majina hayo hayakusubiri hoteli za watalii. Mwaka 1899 Michael Haberlandt, mtaalamu wa Vienna, alichapisha katika jarida la Kijerumani habari za mapenzi ya jinsia moja Zanzibar, akayaorodhesha baadhi ya maneno ya Kiswahili yaliyotumika. Kauli zake zina kasoro za wakati wake, hasa katika kuwasema Waafrika, lakini zinatosha kuonyesha kwamba jambo hili lilijulikana mjini kabla ya watalii. Hatusemi kwamba lilikubaliwa. Tunasema kwamba watu hao walikuwako, walijulikana mitaani, na jamii ilikuwa na njia zake za kukaa nao.

Njia hizo zilitoka wapi? Hapa ndipo dini inapopaswa kusikilizwa kwa ukamilifu wake. Hapana shaka kwamba wanavyuoni wa Kiislamu wamelikataza tendo hili, na makanisa yaliyo mengi hapa kwetu yamefanya vivyo hivyo. Mwenye kuamini hivyo ana haki ya kuamini na kufundisha. Lakini dini hiyohiyo imekataza kupeleleza aibu za watu, imeuwekea ushahidi wa zinaa sharti la mashahidi wanne, na imeweka adhabu kwa mwenye kusingizia. Imamu Ghazali, ambaye kitabu chake cha Ihya kimesomwa sana na wanavyuoni wa pwani hii, anasimulia kisa cha Khalifa Umar aliyepanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu kwamba ikiwa yeye amekosa moja, Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, ameingia pasipokuwa mlangoni, na hakubisha hodi wala kutoa salamu. Umar, mkali wa dini kama alivyokuwa, alimwacha baada ya kumtaka atubu.

Wazee wetu walikuwa na neno moja kwa mafunzo hayo: sitara. Kumsitiri mtu si kumsifu wala kumwigiza. Ni kukubali kwamba heshima ya nyumba yake ni jirani ya heshima ya nyumba yako, na kwamba hesabu ya dhambi ina mwenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zinasema hivyo kwa mawe yake: baraza iko nje kwa kila mpita njia, na nyuma ya mlango mna ukumbi uliopinda ili jicho la barabarani lisifike ndani.

Ilipoachwa sitara, madhara yalionekana. Mnamo Novemba 2018 polisi waliwakamata wanaume kumi huko Pongwe, mashariki ya Unguja, kwa tuhuma kwamba ilikuwa ikifanyika ndoa ya wanaume. Shirika la Amnesty International lilieleza kwamba polisi walikwenda huko baada ya kupelekewa habari na raia. Jirani amefanywa mpelelezi, na mkusanyiko wa watu umefanywa ushahidi. Madhara mengine ni ya afya. Utafiti uliofanywa Unguja mwaka 2007 miongoni mwa wanaume wanaojamiiana na wanaume uligundua kwamba asilimia 12.3 walikuwa na virusi vya ukimwi, ilhali kwa wananchi kwa jumla kiwango kilikuwa chini ya asilimia 1. Utafiti wa namna hiyo ulirudiwa mwaka 2011, na kiwango kikaonekana kimeshuka hadi asilimia 2.6. Sababu za tofauti hiyo zaweza kuwa nyingi, lakini daktari yeyote atakwambia kwamba mgonjwa anayeogopa polisi huiogopa hospitali pia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wengi wa wanaume hao wana wake na watoto, na maradhi yakifichwa hayamwulizi mtu tabia yake.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inalinda uhuru wa dini katika kifungu cha 19. Vifungu vinne kabla yake, katika kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Tunaona kwamba vifungu hivi viwili ni ndugu. Uhuru ule uliomwezesha Mparsi kuabudu katika mji wa Waislamu, na Mshafi kusali chini ya mtawala wa Kiibadhi, umesimama juu ya kanuni moja: dola haiingii katika dhamiri ya mtu kwa kuwa tu walio wengi hawaridhiki naye. Anayeidai kanuni hiyo kwa imani yake hawezi kuigeuza fimbo ya kumpigia jirani, kwa sababu siku ya pili fimbo hiyo huenda ikashikwa na mwengine. Sheikh Ali Mazrui alilijua hilo gerezani.

Mwaka 2019 palifunguliwa katika Mji Mkongwe nyumba ya makumbusho ya Freddie Mercury, na wageni huja kuitazama. Mwimbaji aliyekufa amepata heshima mjini, ilhali kijana aliye hai anaweza kufungwa kwa jambo lilelile. Hali hiyo haitengenezwi kwa kufunga makumbusho.

Kwa walimu wa skuli zetu tuna neno moja la mwisho. Katika kila darasa huenda yumo mwanafunzi anayeitwa majina kwa sababu ya sauti yake, mwendo wake au upole wake, na majina hayo aghalabu hufuatwa na mapigo. Mwalimu hahitaji kubadili itikadi yake ili kuyakataza. Inatosha akumbuke kwamba mtoto huyo ni amana aliyokabidhiwa na wazazi, na kwamba desturi ya Unguja iliyo bora ni kubisha hodi, kungoja kukaribishwa, na ukikosa kukaribishwa, kurudi ulikotoka.