Damu Isiyoganda

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, wazee wetu waliyeyusha chuma kwa tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, wala hawakuwa wageni wa majeraha. Aliyejikata kwa shoka, damu yake ilijulikana itokako na sababu yake. Lakini damu itokayo fizini na puani pasipo pigo wala kisu ni jambo jingine. Pale Kate, nilipokuwa mtoto, alikuwako jirani yetu mmoja ambaye mto wake wa kulalia ulikuta asubuhi umelowa damu. Watu walinong'ona, wakamtazama mkewe kwa jicho baya. Naye akazikwa, ugonjwa wake haujapata jina.

Wako wazaliwao na damu isiyoganda. Hao si ninaowataja hapa. Nawataja wale walioishi miaka mingi na damu njema, kisha ikaharibika kwa maradhi mengine. Werlhof, tabibu wa Ujerumani, aliandika habari za madoa ya zambarau chini ya ngozi mwaka 1735, ila sababu hakuiona. Mwaka 1882 Bizzozero wa Italia alionyesha chembe sahani, viumbe vidogo mno vinavyoziba tundu la mshipa. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo zipatazo 150,000 au zaidi katika milimita moja ya ujazo wa damu. Zikishuka chini ya 20,000, damu yaweza kutoka yenyewe.

Mwaka 1982 matabibu wa New York waliona wanaume vijana waliopungukiwa na chembe hizo, wala virusi vya UKIMWI havijatambuliwa bado. Mwaka uliofuata vilitambuliwa Paris, na mwaka huo huo wagonjwa wa kwanza wa Tanzania wakajulikana mkoani Kagera. Ikaja kufahamika kuwa mwili, katika kupigana na virusi hivyo, hutengeneza kingamwili zinazoziangamiza chembe zake wenyewe, na uboho nao hudhoofika usiweze kuzilipa.

Homa ya ini ya aina ya B, ambayo kirusi chake kilifuatiliwa kutokana na kazi ya Blumberg ya mwaka 1965, hupita njia nyingine. Ini ndilo jiko la protini za kugandisha damu. Likijaa makovu, jiko huzimika; wengu huvimba na kuzihodhi chembe sahani; mishipa ya umio hutuna, na ikipasuka mgonjwa hutapika damu. Huyu ana hasara tatu kwa mara moja!

Kuongezewa damu huokoa saa ile, lakini chanzo hakiguswi. Dawa ya kwanza ya UKIMWI, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, ilionekana kuzipandisha chembe sahani kwa kuwa ilivizuia virusi vyenyewe. Kwetu dawa za namna hiyo zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Chanjo ya homa ya ini iliingia katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, nami nikiwa mmoja wao, hatukuipata utotoni. Mjane wa jirani yetu angali akiulizwa alimfanya nini mumewe.