Fahali Mzima wa Afya, Zizi Lisilo na Ndama

Mwulize mfugaji yeyote kwa nini anatumia uhimilishaji badala ya dume, atakwambia: maziwa. Hajakosea, ila kihistoria hiyo ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni magonjwa ya zinaa. Ndiyo, ya ng'ombe.

Chukua trikomonasi. Kimelea chake, Tritrichomonas foetus, hujificha kwenye mikunjo ya govi la dume. Dume hana homa, anakula vizuri, anapanda kama kawaida. Jike anayepandwa naye anashika mimba, halafu inatoka ikiwa changa kiasi kwamba wewe mwenye ng'ombe hukujua hata kama ilikuwepo. Unachoona ni jike karudi kwenye joto, mara ya pili, mara ya tatu. Unasema "huyu tasa", unamwita mchinjaji. Kumbe jike kwa kawaida hupona mwenyewe baada ya miezi kadhaa, na dume, hasa mzee, anaweza kubaki nacho maisha yote. Yaani anauzwa mgonjwa anayepona, anabaki anayeambukiza!

Kwetu dume alikuwa mmoja kwa majirani wote. Sijui ni majike wangapi waliponzwa naye.

Mwaka 1936 wafugaji wa kisiwa cha Samsø, Denmark, waliunda ushirika wa uhimilishaji. Uingereza ilifungua vituo vyake 1942. Kenya nayo ilikuwa imeanza miaka ya 1930, kwenye mashamba ya walowezi yaliyosumbuliwa na magonjwa ya uzazi, na mwaka 1946 kikajengwa kituo kikuu pale Kabete. Wazo lilikuwa rahisi: dume na jike wasipokutana, hakuna kuambukizana.

Rahisi, lakini si salama kiotomatiki. Mbegu za mpando mmoja zikichanganywa na kimiminika zinatosha majike mamia, kwa hiyo dume mgonjwa sasa angeweza kuharibu tarafa nzima bila kutoka bandani. Miaka ya 1940 wataalamu wakaanza kutia penisilini na streptomaisini kwenye mbegu. Dawa hizo zilisaidia dhidi ya bakteria kama Campylobacter, ambaye naye hutoa mimba, ila trikomonasi si bakteria, hazimgusi. Mwaka 1949 Christopher Polge na wenzake huko London wakagundua kwamba gliserini inalinda mbegu zisife zikigandishwa. Ni ugunduzi mkubwa, lakini baridi ile ile inaweza kumhifadhi na kimelea.

Ikabaki kazi isiyopendeza: kulisafisha govi la dume kwa maji ya chumvi, kuyachukua maji hayo na kuyaotesha maabara. Na kimelea ni wachache, wanakwepa. Ndiyo maana dume aliyeonekana safi leo hurudiwa wiki ijayo, na ile inayofuata, ndipo aaminiwe.