Forest Whitaker kama Idi Amin

Uigizaji wa Forest Whitaker katika nafasi ya Idi Amin, rais wa Uganda kuanzia 1971 hadi 1979, ni miongoni mwa kazi zinazosifiwa sana za waigizaji wa kiume katika historia ya filamu. Anaonekana katika *The Last King of Scotland* (2006), iliyoongozwa na Kevin Macdonald kutokana na riwaya ya Giles Foden na kupigwa picha nchini Uganda kwenyewe.

Maandalizi. Whitaker, Mmarekani aliyezaliwa Texas mwaka 1961, alijifunza Kiswahili na kupiga akodioni, ala aliyoipenda Amin. Alizungumza pia na ndugu wa Amin na watu waliomfahamu.

Uigizaji. Amin wake ni mcheshi, mkarimu na mwepesi wa kupandwa na hasira. Mapema katika filamu, daktari Mskoti Nicholas Garrigan, mhusika wa kubuni aliyeigizwa na James McAvoy, anamtibu mkono uliojeruhiwa. Amin anaipenda fulana yake yenye jina la Scotland, anavua shati lake la kijeshi papo hapo na wanabadilishana. Bashasha hiyo ndiyo inayomnasa daktari; baadaye sauti ileile inatoa vitisho.

Tuzo. Whitaker alitwaa Golden Globe, BAFTA na, Februari 2007, Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, akiwa mwanamume wa nne mweusi kuipata baada ya Sidney Poitier, Denzel Washington na Jamie Foxx.