Bango la Binadamu Tu: Filamu ya District 9 na Historia ya Uasin Gishu

Bango la filamu aghalabu hutaja waigizaji na kukisifu kisa. Matangazo ya District 9, filamu ya Neill Blomkamp iliyotolewa Agosti 2009, yalijitia kuwa amri za utawala usiokuwapo. Kwenye viti vya vituo vya basi katika miji ya Marekani palibandikwa maandishi ya kwamba kiti hicho ni cha binadamu tu. Palikuwa na kivuli cha kiumbe wa kigeni ndani ya duara la marufuku, na nambari ya simu ya kumshitaki yeyote asiye binadamu atakayeonekana hapo. Sauti yake ilikuwa kavu, ya kiofisi, isiyo na hasira. Hapo ndipo palipo ustadi wa bango hilo, kwani propaganda iliyokomaa haipigi kelele.

Mfano wake haukutungwa. Blomkamp alizaliwa Johannesburg mwaka 1979, wakati sheria ya 1953 iliyotenga viti, fukwe na vyoo kwa rangi ilikuwa ingali na nguvu. Haikufutwa hadi 1990. Jina lenyewe la filamu lakumbusha District Six ya Cape Town, mtaa uliotangazwa kuwa wa Wazungu mwaka 1966, na ambamo watu zaidi ya 60,000 walihamishwa.

Msomaji wa Eldoret hayuko mbali na habari hizo. Mwaka 1908 jamaa za Makaburu kutoka Afrika Kusini zilipanda kwa magari ya ng'ombe hadi uwanda wa Uasin Gishu, na mji ukaota juu ya shamba nambari 64, ambalo wenyeji hulitamka Sisibo. Nyanda hizo zilihifadhiwa kwa Wazungu hadi karibu na uhuru. Tena katika Kenya yote palikuwa na kipande, kilichowekwa kwa sheria ya 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza: mwanamume Mwafrika alitundika shingoni kikebe cha chuma chenye karatasi zake. Afrika Kusini ilibandika katazo kitini. Kenya ilimvika katazo huyo huyo aliyekatazwa.

Hata hivyo dhihaka ya filamu ina ila. Wanigeria wanaoonyeshwa humo ni majambazi na walaji wa nyama ya viumbe hao, na jina la mkuu wao lafanana mno na la Obasanjo, aliyekuwa Rais. Septemba 2009 serikali ya Nigeria ilizitaka nyumba za sinema ziache kuionyesha. Lalamiko hilo lilikuwa la haki: bango likejeli ubaguzi, kisha filamu iuchore ubaguzi ule ule kwa dhati?

Lipo jambo jingine, la lugha. Kiswahili humpa mnyama upatanisho wa mtu: mbwa analala kama mtoto anavyolala. Kwa hiyo kumwita mtu mnyama, ijapokuwa ni tusi, hakumtoi katika sarufi ya wenye uhai. Anayetaka kumtoa hana budi kumhamisha ngeli. Ndivyo ilivyofanyika katika Bonde la Ufa tangu ghasia za miaka ya 1990, pale majirani walipoitwa madoadoa, au kwekwe. Madoadoa hayaambiwi "waondoke", husemwa "yaondolewe". Kiambishi kimoja kimebadilika, na mtu amekuwa uchafu wa kusuguliwa. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilitiwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipitishwa mwaka huo huo wa 2008. Januari 2022 neno madoadoa lilitamkwa tena katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret. Seneta aliyelitamka akakamatwa, akasema hakukusudia kabila lolote. Miezi michache baadaye, kabla ya uchaguzi wa Agosti, tume iliyoundwa kwa sheria hiyo ililitia neno hilo katika orodha yake ya maneno ya chuki.