Jicho la Muuzaji na Mlango wa Duka

Biashara ni mapatano yenye mwisho. Muuzaji akishapokea thamani, mali humtoka mkononi, na lile atakalolitenda mnunuzi kwa mali hiyo halimhusu tena. Kwa karne nyingi sharti hili halikuhitaji mlinzi, maana jicho la muuzaji lilikoma mlangoni pa duka.

Alama ya mistari myeusi haikulivunja sharti hilo. Iliposomwa dukani mara ya kwanza, tarehe 26 Juni, 1974, katika mji wa Troy, Ohio, Marekani, ilikuwa juu ya pakiti ya chingamu. Na namba ya pakiti ile ilikuwa namba ya pakiti zote za namna yake. Alama ilitaja aina, haikutaja kitu kimoja.

Mwaka 1999 kilianzishwa katika chuo cha MIT, nchini Marekani, kituo cha kutafuta alama nyingine: chipu isiyo na betri, ipatayo nguvu kutoka katika mawimbi ya redio ya kisomaji, na kujibu kwa kutaja namba yake. Namba hiyo ni ya kitu kimoja pekee. Shati hupambanuliwa na pacha wake. Mtu avaaye shati la namna hiyo aweza kutambuliwa kila apitapo penye kisomaji, ijapokuwa jina lake halijulikani. Na akiwa alilinunua kwa kadi, namba ya shati na jina la mtu zaweza kuunganishwa.

Hapana budi kuwatendea haki wafanyabiashara. Chipu huhesabu bidhaa upesi, hupunguza wizi, na husaidia kurudisha dawa mbovu kabla haijadhuru watu. Shauri halikuwa juu ya chipu iliyo ghalani, bali juu ya chipu inayofuatana na mnunuzi nyumbani.

Shauri hilo lilizuka mwaka 2003. Mwezi Machi kampuni ya Philips ilitangaza kuwa chipu zake zitatiwa katika nguo za Benetton. Katherine Albrecht, Mmarekani mtetezi wa wanunuzi, akawaita watu wazisusie nguo hizo. Na mwezi Aprili Benetton ikasema kuwa haijakata shauri la kuzitumia. Mwaka huo huo, katika duka la Tesco mjini Cambridge, Uingereza, ilijulikana kuwa mtu aliyeinua pakiti ya nyembe za Gillette rafuni alipigwa picha, akapigwa nyingine alipolipa. Watu wakalalamika, na jaribio likakoma.

Funzo kubwa zaidi lilitoka Rheinberg, Ujerumani, katika duka la mfano la kampuni ya Metro. Mapema mwaka 2004 watetezi waligundua chipu ndani ya kadi za wateja, ambao hawakuambiwa. Waligundua pia kuwa mashine iliyowekwa kuzima chipu za bidhaa ilifuta namba ya bidhaa tu. Namba ya chipu yenyewe ilibaki. Kampuni ilikubali kuziondoa kadi zile. Walakini yule aliyeisimamia mashine kwa imani njema alitoka mlangoni akidhani amekwisha kuachwa.

Tarehe 12 Mei, 2009, Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza kwamba chipu izimwe dukani bila malipo isipokuwa mnunuzi ameridhia, au uchunguzi umeonyesha kuwa faragha yake haielekei kudhurika. Lilikuwa pendekezo, halikuwa amri.

Wako wasemao kuwa asiye na la kuficha hana la kuogopa. Hoja hiyo humdai mnunuzi maelezo, hali adaiwaye kwa haki ni yule atazamaye. Leo chipu zimeenea katika nguo, aghalabu katika lebo ya bei inayoweza kukatwa kwa mkasi. Dawa hiyo ni rahisi, lakini humfaa ajuaye tu. Kwa hiyo haki ya kwanza ya mnunuzi ni kuambiwa. Na ya pili ni kwamba, akitaka jicho lile lifumbwe, lifumbwe kweli.