Robo Maili

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana wa Los Angeles waliopenda mwendo walikwenda jangwani. Huko Muroc na El Mirage kulikuwa na maziwa yaliyokauka, ardhi yake ngumu na tambarare. Kijana alifika na gari lile lile alilokwenda nalo kazini wiki nzima, akafungua madigadi, taa na kioo cha mbele, akakimbia. Jioni alivirudisha vyote mahali pake, akarudi nalo mjini. Mwaka 1937 klabu zao ziliungana kuwa Southern California Timing Association.

Baada ya vita Muroc ilikuwa mikononi mwa jeshi, na vijana wengi waliorudi walikuwa na ufundi wa mitambo na pesa kidogo mfukoni. Mbio zikahamia barabara za mjini, usiku. Watu walikufa, na wenye kelele walitaka magari yaliyochokonolewa injini yapigwe marufuku kabisa.

Jibu lililofaa zaidi halikutoka serikalini. Mwaka 1950 C.J. Hart na wenzake walianza kuendesha mashindano kila Jumapili kwenye njia ya ndege isiyotumika, karibu na Santa Ana. Kiingilio kilikuwa senti 50. Mkewe Peggy hakukaa pembeni kutazama, naye alishindana. Mwaka uliofuata Wally Parks, mhariri wa jarida la Hot Rod, aliunda National Hot Rod Association, NHRA, ili mchezo uwe na kanuni na ukaguzi. Mashindano yao ya kwanza ya kitaifa, Great Bend, Kansas, mwaka 1955, yaliharibiwa na mvua. Fainali zikamaliziwa Arizona wiki kadhaa baadaye.

Mbio zilikuwa za robo maili, yaani mita 402, kuanzia gari limesimama. Mwanzoni zilianzishwa na mtu wa bendera. Mwaka 1963 zikaja taa zilizopangwa wima.

Magari ya spoti ya kiwandani nayo yalikuwa yakibadilika. Corvette ya mwaka 1953 ilikuwa na sura nzuri na injini ya silinda 6 tu; ya 1955 ikapata V8, na wenye nazo wakawa na sababu ya kwenda uwanjani. Mwenye gari la namna hiyo hujifunza mambo madogo: apunguze upepo kidogo kwenye matairi ya nyuma, na akwepe dimbwi la maji lililowekwa kwa ajili ya matairi laini ya mbio, maana kashata za tairi la kawaida hubeba maji hadi mstari wa kuanzia. Kuna pia mtindo wa kila dereva kutangaza kabla muda anaotarajia kumaliza. Mwenye gari la polepole hutangulia kuondoka, na anayekwenda haraka kuliko alivyotangaza hushindwa. Mtindo huo ndio uliomwezesha mtu wa kipato cha kawaida kumshinda tajiri.

Miaka mingi baadaye likaja gari jingine la kiwandani, Dodge Demon la mwaka 2018: nguvu za farasi 840, kiti kimoja tu cha dereva, cha abiria kikiongezwa kwa dola moja. NHRA ilithibitisha kuwa lilimaliza robo maili kwa sekunde 9.65. Halafu ikalikataa, kwa kuwa kanuni zilitaka gari la kasi hiyo liwe na fremu ya vyuma ya kumlinda dereva. Uamuzi ulikuwa sahihi. Hata hivyo, mnunuzi aliruhusiwa kuliendesha barabarani kutoka dukani hadi nyumbani bila fremu yoyote.