Kutoka Ikoro Hadi Nambari ya Mlipakodi

Kijana wa Gisenyi amalizapo shule husema kwamba anatafuta akazi. Chunguza neno hilo nawe utalitambua: ni kazi ya Kiswahili iliyovikwa kiambishi cha Kinyarwanda. Leo maana yake ni ajira, na kila mzazi humwombea mwanawe aipate. Zama za Wabelgiji maana yake ilikuwa shokoa, yaani kazi ya lazima ya kuchimba barabara na kupanda mazao kwa amri. Liliandamana na ndugu yake, ikiboko, ambalo halihitaji kufasiriwa. Haya ni baadhi ya maneno ambayo lugha yetu iliwaletea Wanyarwanda, na sioni la kujivunia hapo.

Naanza na maneno hayo kwa sababu vijana wa mji huu wanaofanya kazi za kujitegemea kwa kompyuta, watafsiri na wahariri wa picha ambao wateja wao wako London au Toronto, huzungumza kuhusu kodi kwa shaka ileile waliyorithi kwa babu zao. Shaka hiyo ina historia, na historia hiyo yafaa kujulikana kabla ya kujaza fomu yoyote.

Kabla ya faranga kulikuwa na ikoro, tunu iliyopelekwa kwa chifu na kwa mwami ikiwa mazao, asali, mikeka au mifugo. Bugoyi, nchi ambamo Gisenyi imejengwa, ilikuwa na desturi zake. Ardhi ilikuwa mikononi mwa koo zilizofyeka msitu, abakonde, na mgeni aliyetaka shamba aliwaendea wao. Kando ya Ziwa Kivu watu walifanya biashara na majirani wa magharibi, na bangili za nyuzi za mimea ziitwazo butega zilitumika kama fedha. Mkono wa mwami ulifika huku polepole. Kigeli IV Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, ndiye aliyeukaza, na katika enzi yake ilizuka uburetwa: kumfanyia kazi chifu bila ujira ili mtu aruhusiwe kuendelea kulima ardhi yake. Mzigo huo uliwaangukia wakulima, si wafugaji, na manung'uniko yake yalidumu kwa vizazi.

Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika sehemu nyingine za Afrika Mashariki yao mwaka 1898. Rwanda iliachwa hadi karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Gisenyi, na mwaka uliofuata wakaleta kodi ya kichwa kwa kila mwanamume mzima mwenye nguvu.

Hapa, msomaji, ndipo penye uzito. Ikoro ililipwa kwa kile ulichonacho. Kodi ya kichwa ilidai faranga, na faranga hazioti shambani pamoja na maharage. Mkulima alilazimika kuuza kitu au kujiuza mwenyewe: alime kahawa, ambayo miaka ya 1930 serikali ilishurutisha ipandwe, ashuke migodini, au avuke kwenda Uganda kulima pamba ya watu wa Buganda. Maelfu walikwenda. Wengine walikimbia shokoa na kiboko kuliko kodi yenyewe, lakini mambo hayo matatu yalikuwa kamba moja. Uburetwa nayo haikuondolewa kodi ilipokuja. Wabelgiji waliipunguza siku tu, ikabaki hadi mwaka 1949 ilipogeuzwa kuwa malipo ya fedha. Kwa miaka zaidi ya 30, basi, mtu mmoja alidaiwa na mabwana wawili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemuuliza fedha au jasho lake litumikeje. Anayesema kwamba babu yake alikwepa kodi kwa uvivu hajui anachokisema.

Lugha huhifadhi makovu hayo kwa namna ya ajabu. Ushuru latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi. Hongo zamani ilikuwa malipo halali ambayo misafara iliwatolea watawala ili ipite katika nchi zao. Leo ni rushwa, na mtu hufungwa kwayo. Katika Kinyarwanda, mamlaka ya kodi huitwa ya imisoro n'amahoro, na wanafunzi wageni huduwaa wakidhani ni "kodi na amani". Maneno hayo mawili huandikwa sawa lakini hutamkwa tofauti: amahoro haya ni ushuru.

Mamlaka ya Mapato ya Rwanda iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Tofauti yake kubwa na karani wa kodi ya kichwa ni kwamba hukadiria kile ulichokipata, haikutozi kwa sababu tu umezaliwa mwanamume. Anayeanza shughuli hutakiwa kujiandikisha ndani ya siku 7 na kupewa nambari ya mlipakodi. Mkaazi wa Rwanda hutozwa kwa mapato yake yote, yatoke Rubavu au ng'ambo. Kwa hiyo hoja kwamba "mteja wangu yuko Kanada" haina nguvu.

Chukua mtafsiri ambaye, baada ya kuondoa gharama zake, amebakiwa na faranga 3,000,000 kwa mwaka. Kwa sheria ya mwaka 2022, faranga 720,000 za kwanza hazitozwi. Kutoka hapo hadi 1,200,000 hutozwa asilimia 10, yaani 48,000. Hadi 2,400,000 hutozwa asilimia 20, yaani 240,000. Zilizobaki 600,000 hutozwa asilimia 30, yaani 180,000. Jumla ni 468,000. Mwenye duka dogo ambaye mauzo yake ni 3,000,000 hulipa 60,000 tu kwa mkupuo, lakini njia hiyo rahisi imefungwa kwa wenye taaluma huria. Kwa maoni yangu huo ni ugumu usio wa lazima kwa kijana anayeanza. Huko Ufilipino, mfanyakazi wa kujitegemea ambaye mapato yake hayazidi peso 3,000,000 anaweza kuchagua kulipa asilimia 8 ya kile kinachozidi peso 250,000, hesabu ya mstari mmoja.

Kwa kuwa hesabu yetu huondoa gharama, risiti za mashine ya kielektroniki za kompyuta, intaneti na umeme ni mali. Omba kila mara. Tamko la mwaka uliopita huwasilishwa kabla ya tarehe 31 Machi kupita. Baada ya hapo mtafsiri wetu atatanguliza sehemu ya kodi mwishoni mwa Juni, mwishoni mwa Septemba na mwishoni mwa Desemba, na fedha hizo zitapunguzwa katika hesabu ya Machi inayofuata.